Kaseti ya Imla na Aina Zake

Kaseti ya imla ni kaseti ndogo iliyobuniwa kwa ajili ya kunasa maneno ya mtu anayetamka barua au ripoti, ili mwingine aje kuyasikiliza na kuyapiga chapa. Mkuu wa ofisi alizungumza na kinasa sauti cha mkononi; katibu muhtasi naye alivaa visikizi, akasimamisha na kurudisha kanda nyuma kwa kanyagio la mguuni, na vidole vyake havikulazimika kuondoka kwenye taipureta.

Watu wengi huziita kaseti hizi zote kwa jina moja, na kosa hilo huharibu kanda. Lindi mjini nilioneshwa boksi lililotoka katika kabati la ofisi iliyofungwa zamani, na mwenyewe alikuwa amekwisha kuishindilia moja katika mashine isiyo yake, hata kanda ikakunjamana.

Humo mlikuwa na aina mbili. Minikaseti ilitolewa na Philips mwaka 1967, miaka minne baada ya kampuni hiyo kutoa kaseti kubwa tuliyoizoea kwa taarabu na dansi. Maikrokaseti ilitolewa na Olympus mwaka 1969. Kwa umbo zinakaribiana, ila kanda zake huvutwa kwa njia tofauti kabisa. Katika mashine ya maikrokaseti, kijiti cha chuma na gurudumu la mpira huibana kanda na kuivuta kwa mwendo usiobadilika, sentimita 2.4 kwa sekunde, au 1.2 kwa anayetaka muda mrefu zaidi, kwa hiyo maikrokaseti iliyoandikwa MC-60 hubeba dakika 30 au 60 kila upande. Minikaseti haivutwi na kijiti: kigurudumu kinachopokea kanda ndicho kinachoivuta, na kadiri kinavyonenepa kwa kanda inayojiviringisha juu yake ndivyo mwendo unavyoongezeka. Maneno husikika sawasawa kwa kuwa wakati wa kusikiliza kigurudumu hunenepa vilevile. Lakini kanda ikikatika na kuungwa baada ya kupunguzwa, ulinganifu huo hupotea. Kwa muziki, mwendo wa namna hiyo haukufaa.

Ipo pia stenokaseti ya Grundig, ambayo huku Kusini sijapata kuiona.

Basi soma kwanza jina lililochapwa juu ya kaseti, kisha angalia kama kanda ina ukungu mweupe, kwa maana unyevu wa pwani yetu huuleta upesi. Maikrokaseti moja ya boksi lile ilikuwa safi. Ilipowekwa katika mashine yake, mzee mmoja alisikika akitamka barua ya korosho polepole, na kila baada ya sentensi chache akasema: "Nukta. Aya mpya."