Je, Wajua Kwa Nini Majina ya Mwisho wa Kipindi Husukumwa Pembeni mwa Skrini?

Tamthilia imefika mwisho, mhusika mkuu kaachwa mlangoni na barua mkononi, muziki unapanda na majina yanaanza kupita. Hujamaliza kutafuta ni nani aliyeigiza mama mkwe, picha yote inasinyaa na kusogezwa kando. Nafasi iliyobaki inajazwa promo ya kipindi kingine, na sauti ya mtu usiyemwona inakusihi usiondoke. Nani aliamua iwe hivyo?

Jibu fupi ni rimoti. Jibu refu linaanzia London.

BBC ilianza matangazo ya kawaida ya televisheni tarehe 2 Novemba 1936, kutoka jengo la Alexandra Palace. Karibu kila kitu kilirushwa mubashara, kwa kuwa mitambo ya kurekodi picha za televisheni ilikuwa bado haijapatikana. Mchezo ukiisha, mandhari ilipaswa kubomolewa, kamera kuhamishwa, wanamuziki kuketi. Mtu alihitajika kuwashika watazamaji mkono wakati huo wote. Ndiyo maana watangazaji wa mwanzo, Leslie Mitchell, Jasmine Bligh na Elizabeth Cowell, walitokea kwenye skrini wenyewe, wamevaa kama walioalikwa dhifa ya jioni, wakaeleza kilichopita na kinachokuja. Mitambo ikigoma, ni wao waliosimama mbele ya kamera na kuomba radhi.

Miaka ya 1950 zikaongezwa filamu fupi za kujazia nafasi. Iliyopata umaarufu kuliko zote ilionyesha mikono ya mfinyanzi ikifinyanga udongo kwenye gurudumu, bila chungu kumalizika hata siku moja. Na mpaka Februari 1957, televisheni ya Uingereza ilizimwa kabisa kati ya saa 12 na saa 1 jioni, ili wazazi wapate kuwalaza watoto. Saa nzima ya skrini tupu! Leo meneja wa kituo akipendekeza jambo kama hilo atapimwa homa.

Kilichowapa ujasiri huo ni kwamba mtazamaji hakuwa na pa kwenda. ITV, kituo cha kwanza cha kibiashara nchini humo, kilianza Septemba 1955. Kabla ya hapo ilikuwa BBC au kulala. Waliokulia Kenya ya kituo kimoja, kabla KTN haijaanza mwaka 1990, wanalielewa hili bila kuelezwa. Tanzania Bara ilisubiri televisheni yake hadi 1994. Pasipo na mshindani, majina yanaweza kupita polepole mpaka jina la fundi taa, na hakuna anayepoteza kitu.

Rimoti na chaneli nyingi za kebo ndizo zilizoharibu starehe hiyo. Kwa mtu wa biashara ya televisheni, sekunde za mwisho wa kipindi ndizo za hatari kuliko zote: hadithi imekwisha, kidole kiko kwenye kitufe. Mwaka 1994 mtandao wa NBC wa Marekani ulikuja na mpango ulioitwa NBC 2000. Majina yakabanwa upande mmoja wa skrini, na upande mpana ukapewa vichekesho, vipande vilivyokatwa wakati wa kuhariri na promo za vipindi vijavyo. Pia matangazo ya biashara yaliyokuwa yakikaa kati ya kipindi na kipindi yalihamishiwa ndani ya vipindi vyenyewe, ili kimoja kiishe na kingine kianze papo hapo. Mitandao mingine ya Marekani ikafuata baada ya muda mfupi, kisha Uingereza, na sasa ni vigumu kupata pembe ya dunia ambako mtindo huo haujafika.

Basi si wangeyafuta tu? Hawawezi, kwa sababu majina yale ni sehemu ya mkataba wa kazi. Marekani, chama cha waandishi, Writers Guild, ndicho chenye kauli ya mwisho kuhusu nani atajwe kuwa mwandishi, na kutajwa huko ndiko kunakompa mwandishi haki ya kulipwa kipindi kinaporudiwa. Waongozaji wana chama chao na masharti yao. Kwa mhariri wa picha au mpambaji kijana, jina kwenye skrini ni barua ya kuombea kazi inayofuata. Kule Uingereza, Equity, chama cha waigizaji, kimelalamika kwa miaka mingi kwamba majina ya wanachama wake yanaminywa mpaka hayasomeki. Nadhani wana haki. Kituo hutimiza sharti kwa kuonyesha jina. Kama kuna binadamu aliyeweza kulisoma, hiyo huhesabiwa kesi nyingine.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kubanwa huko hakutokei kwa bahati mbaya wala kwa uamuzi wa dakika ya mwisho. Kampuni inayotengeneza kipindi hupewa maelekezo mapema: majina yawe mafupi kiasi gani, yakae sehemu ipi ya skrini ili picha ikisinyazwa na kusogezwa kando yasikatike, na pasiwe na mazungumzo ya waigizaji juu yake. Muziki nao unatakiwa usigombane na sauti ya binadamu. Kwa maneno mengine, mtunzi wa muziki wa mwisho anajua tangu studioni kwamba mtu atazungumza juu ya kazi yake.

Mtu huyo ndiye mtangazaji wa zamu. Hasomi habari wala haendeshi kipindi. Kazi yake ni kuunganisha. Anakaa kwenye kachumba kadogo kasikopitisha kelele, amevaa hedifoni, mbele yake skrini kadhaa na saa inayohesabu kurudi nyuma. Akiambiwa ana sekunde 12, lazima amalize kwa sekunde 12, maana kinachofuata ni nembo ya kituo na baada yake kipindi kinaanza chenyewe. Kwa Kiingereza hukadiriwa maneno matatu kwa kila sekunde. Kiswahili na maneno yake marefu kingedai hesabu ya kwetu wenyewe.

Sehemu ya maneno hayo hurekodiwa kabla, lakini vituo vikubwa vya Uingereza bado vinathamini sauti ya mubashara, na sababu yake ni ya kazi tupu. Mpira ukiingia muda wa nyongeza, ratiba nzima inasogea. Habari kubwa ikilipuka, promo ya komedi iliyoandikwa asubuhi inaweza kugeuka tusi ifikapo jioni. Mtangazaji ndiye anayeonya kwamba kipindi kinachokuja kina lugha kali, na baada ya tamthilia kuhusu ubakaji au kujiua ndiye anayetaja mahali pa kupata msaada. Maneno hayo hayafai kusomwa kwa sauti ileile inayonadi shindano la upishi. Mtangazaji mzuri hubadilisha sauti ndani ya pumzi moja, na ukiniuliza mimi, huo ni ustadi usiopewa heshima yake.

Mashine zinazorusha yote hayo mara nyingi hata si za kituo unachokitazama. Jumamosi ya tarehe 25 Septemba 2021, mfumo wa gesi ya kuzimia moto ulifyatuka wenyewe katika jengo la White City, London, ambako kampuni ya Red Bee Media ilikuwa ikirushia matangazo ya vituo mbalimbali. Moto haukuwepo. Lakini kishindo cha gesi ile kiliharibu diski za kuhifadhia data, Channel 4 ikakatika hewani, na maandishi yake kwa watazamaji viziwi yakakosekana kwa wiki kadhaa.

Wakati mwingine hamu ya kumzuia mtazamaji huvuka mpaka. Tarehe 24 Aprili 2010, BBC One ilikuwa ikionyesha Doctor Who, tamthilia ya safari za wakati. Hadithi imefika kileleni, hatari imewazunguka wahusika, mtazamaji kashika roho. Ghafla kikatuni cha mtangazaji Graham Norton kikajitokeza chini ya skrini kunadi kipindi chake kilichofuata. Majina ya mwisho hata hayajaanza! Malalamiko yalizidi 5,000 na BBC ikaomba radhi. La kuchekesha ni kwamba Norton alikwisha kuvuruga Doctor Who bila kukusudia mwaka 2005: siku tamthilia hiyo iliporudi hewani, sauti yake kutoka kipindi kingine ilivuja kwa sekunde chache katikati ya tukio la kutisha.

Waliokasirika mwaka 2010 walikuwa wakitetea kitu halisi. Mwisho wa kipindi ni sehemu ya hadithi, na watengenezaji hulijua hilo kuliko mtu yeyote. Katika Doctor Who hiyohiyo, mwaka 1982, mhusika kijana Adric alipokufa, majina yalipita kimya kabisa, bila ule muziki unaojulikana na kila mtoto wa Uingereza, juu ya picha ya beji yake iliyovunjika. EastEnders, tamthilia ya BBC iliyoanza 1985, humaliza kila sehemu kwa mdundo wa ngoma. Mhusika mkubwa akifa, ngoma huweza kuachwa na badala yake ukapigwa muziki wa taratibu. Usiku wa namna hiyo, mtangazaji mwenye busara husubiri kwanza.

Huduma za intaneti hazina mtangazaji wa kusubiri. Netflix ilianza mwaka 2012 kukipandisha kipindi kinachofuata mara majina yanapotokea, pamoja na hesabu ya sekunde inayopungua. Ni hofu ileile ya NBC ya 1994, ila safari hii hakuna chaneli jirani ya kukimbilia. Kinachoogopwa ni kwamba utazima na kwenda kulala. Majina bado yapo, kwa sababu mikataba bado ipo. Ukitaka kuyasoma kuna kitufe chake pale kwenye skrini, ila ukichelewa kukibonyeza, sehemu inayofuata imeshaanza.