Je, wajua kwa nini mashabiki huvurugana juu ya muvi ya shujaa ambayo bado haijatengenezwa?

Ikitoka picha moja tu ya vazi jipya la Batman au Superman, siku haiishi. Kwenye vijiwe vya Kabwe na Mwanjelwa jijini Mbeya, kwenye mabweni ya vyuo vya Iringa, kwenye makundi ya WhatsApp ya wapenzi wa muvi kuanzia Tunduma hadi Njombe, watu wameshagawanyika. Huyu anasema steringi ni mwembamba mno. Yule anasema buti zimepwaya. Wa tatu anaapa hataitazama kabisa. Na muvi yenyewe bado mwaka mzima na zaidi. Sasa wanabishania nini?

Wanabishania muvi nyingine, ile waliyo nayo kichwani. Shabiki aliyekua na mhusika tangu darasa la tatu ameshaitengeneza muvi yake zamani: anajua kimo cha shujaa, anajua anavyosimama, anajua hata joho la mgongoni linavyopepea. Habari ya kwanza kutoka kwa watengenezaji humletea kipande kimoja tu, uso wa mwigizaji au vazi, naye hukipima kipande hicho kwa muvi nzima aliyoibeba miaka kumi. Hakuna kipande kinachoweza kushinda mizani hiyo.

Lihamishie nyumbani uone. Tuseme kesho asubuhi redio itangaze kwamba inaandaliwa filamu kubwa ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na nafasi ya Mkwawa amepewa mchekeshaji mfupi kutoka Dar es Salaam. Kabla ya saa sita mchana Kalenga yote ina maswali. Anaweza kusema "kamwene" ikasikika ya Kihehe? Vita ya Lugalo ya tarehe 17 Agosti 1891, ambamo kikosi cha Wajerumani kilivunjwa na kamanda wao Emil von Zelewski akauawa, itarekodiwa Lugalo kwenyewe au ufukweni Bagamoyo? Jiwe la Gangilonga litaonekana? Mtu aliyesimuliwa na babu yake habari za fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 hatangoja muvi itoke ndipo aulize. Kwake jina hilo si mali ya kampuni yoyote ya filamu. Mkwawa aliishi kweli, na uzito wake hauwezi kulinganishwa na wa mtu wa kubuni. Lakini maumivu ya shabiki wa Batman, mhusika aliyezaliwa kwenye vitabu vya katuni vya Marekani mwaka 1939, yanatoka chemchemi hiyo hiyo: mtu wangu amekabidhiwa mgeni, na mimi sikuulizwa.

Mazoea nayo yana mkono wake. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwa majaribio kwamba watu hukipenda zaidi kitu kadiri wanavyokutana nacho mara nyingi, hata kama kitu chenyewe hakina maana yoyote kwao. Alitumia mpaka maneno ya kubuni yasiyo na tafsiri. Kwa hesabu hiyo sura mpya huanza na deni. Siku ya tangazo mwigizaji anashindana na sura ambayo shabiki ameiona mara mia, naye ameonekana mara moja. Akishapita kwenye trela tatu na mabango kadhaa, waliokuwa wakipiga kelele huanza kusema, "Mbona anafaa tu."

Huku nyanda za juu kuna jambo jingine ambalo ni nadra kuzungumzwa. Wengi wamewajua mashujaa hawa kwenye kibanda umiza, muvi ikiwa imetafsiriwa na DJ anayezungumza juu ya sauti za waigizaji. Kwa mtazamaji huyo sauti ya Batman ni ya DJ, na steringi akibadilishwa sauti inabaki ile ile. Mwingereza kupewa nafasi ya Mmarekani, jambo ambalo huko kwao huleta mabishano ya lafudhi, hapa halimgusi mtu. Macho huenda kwenye mwili, vazi na ngumi. Ndiyo maana picha ya vazi inawasha moto Mwanjelwa, wakati tangazo la nani ataandika mswada linapita kimya, ingawa kwa kujua kama muvi itakuwa nzuri, hilo la mswada ndilo la kushikwa zaidi.

Na msidhani simu ndizo zilizoleta haya. Mwaka 1988 kampuni ya Warner Bros. ilitangaza kwamba Batman atachezwa na Michael Keaton, mtu aliyejulikana kwa vichekesho. Ofisi zake zikapokea barua takriban 50,000 za kupinga. Barua za karatasi, zenye stempu. Hoja zilikuwa mbili: ni mchekeshaji, na ana kimo cha sentimita 175 tu wakati Batman wa vitabuni ni jitu. Mwongozaji Tim Burton hakumbadilisha mtu, alibadilisha vazi. Badala ya nguo ya kubana ya kijivu wakamtengenezea gamba jeusi la mpira lenye misuli iliyochongwa, likampa mwili ambao hakuwa nao. Mwishoni mwa mwaka huo wakaharakisha trela fupi ili watu waone kwa macho, na muvi ilipotoka Juni 1989 ikaingiza zaidi ya dola milioni 400. Leo mashabiki wengi humtaja Keaton kuwa kipimo cha Batman wote waliofuata.

Heath Ledger naye alipotangazwa kuwa Joker, adui wa Batman, Julai 2006, alionekana mtanashati mno kwa kichaa mwenye uso wa chokaa. Watengenezaji waliitumia hamu ya watu kwa ustadi: Mei 2007 picha yake ya kwanza ilifichwa kwenye tovuti, na kila shabiki aliyeweka barua pepe yake aliondoa nukta moja ya pazia, mpaka uso ukajitokeza wote. Mashabiki waliifungua picha kwa mikono yao wenyewe. Ledger alifariki Januari 2008, muvi ikatoka Julai, na Februari 2009 akapewa Oscar akiwa kaburini. Gal Gadot, Desemba 2013, aliambiwa ni mwembamba mno kuwa Wonder Woman; muvi yake ya 2017 ilipita dola milioni 800.

Ukisikiliza mifano hiyo tu utasema mashabiki hukosea daima. Sivyo. Julai 2010 ilipotoka picha ya kwanza ya muvi ya shujaa Green Lantern, walilalamika kwamba vazi halina uzito, linaonekana kama rangi iliyomwagwa juu ya ngozi. Walikuwa wameona sawasawa: vazi halikushonwa, lilichorwa lote kwa kompyuta. Mwaka uliofuata muvi iliyogharimu takriban dola milioni 200 iliingiza kama milioni 220 dunia nzima, na kwa kuwa kumbi za sinema huchukua sehemu kubwa ya kiingilio, hiyo ni hasara. Tofauti kati ya lalamiko hili na lile la Keaton inafaa kushikwa vizuri. La Keaton lilihusu mtu, na mtu hubadilika akishavaa, akipakwa na kuongozwa. La Green Lantern lilihusu namna kitu kilivyotengenezwa, na hilo lilikuwa tayari mbele ya macho yao.

Hata hivyo picha za mwanzo hudanganya sana, na inafaa kujua zinadanganya vipi. Picha za seti, zile zinazopigwa kwa siri na mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara, hazijapita popote. Kamera ya filamu yenyewe hurekodi picha iliyofifia kwa makusudi, kisha mafundi wa rangi hukaa nayo wiki nyingi: wanatia giza, wanaongeza joto au baridi, wanaamua jekundu liwe jekundu la namna gani. Vazi lililokusudiwa kuonwa usiku wa mvua, ukilipiga picha saa saba mchana kwenye jua, litafanana na nguo ya sherehe ya watoto. Halafu anayeonekana mara nyingi siye steringi mwenyewe, ni mtu wake wa hatari, yule anayeruka na kuanguka badala yake, mwenye vazi lililolegezwa viungoni ili aweze kujikunja, na mishipi ya kuning'inizwa imejaa chini ya kitambaa ikifanya kiuno kivimbe. Joho huenda limeachwa kabisa, litaongezwa kwa kompyuta. Kisha picha hiyo ipite kwenye makundi matano ya WhatsApp, kila mara ikibanwa upya, mpaka mishono na michoro ya kifuani imeyeyuka. Mtu wa Makambako anayeipokea mwishoni anasema, "Mbona nyeusi tupu?" Ni kweli, kwenye simu yake ni nyeusi tupu.

Hilo ndilo linalowafanya watengenezaji watoe picha rasmi mapema. Wakijua wiki kadhaa zijazo watarekodi barabarani ambako huwezi kumzuia mtu mwenye simu, hutanguliza picha yao nzuri ili ya wizi isije kwanza. Itazame ratiba ya Superman ya mwongozaji James Gunn. Waigizaji wakuu walitangazwa Juni 2023. Kurekodi kukaanza Februari 2024. Picha rasmi ya vazi ikatolewa tarehe 6 Mei 2024, David Corenswet ameketi akivaa buti, na wengi wakasema limekunjamana, halijamkaa. Wiki kadhaa baadaye kazi ya barabarani ilifanyika Cleveland, na picha za kuibia zikamiminika. Trela ilitoka Desemba, muvi Julai 2025, ikaingiza zaidi ya dola milioni 600. Siku ile ya buti muvi ilikuwa imeshaanza kurekodiwa zamani. Ungelalamika ukauke koo, vazi lile lilikuwa limeshavaliwa mbele ya kamera.

Basi kelele za mashabiki hubadilisha kitu lini? Pale ambapo kitu hakijagandishwa. Sonic, mnyama wa bluu wa michezo ya kompyuta, alitolewa kwenye trela tarehe 30 Aprili 2019 akiwa na macho madogo na meno ya binadamu. Watu walishtuka. Siku mbili baadaye mwongozaji Jeff Fowler akatangaza kwamba watambadilisha, na tarehe ya kutoka ikasogezwa kutoka Novemba 2019 hadi Februari 2020. Iliwezekana kwa sababu Sonic ni wa kompyuta mwili mzima. Waigizaji walikuwa wameongea na hewa, kwa hiyo unaweza kumtoa yule ukamweka huyu bila kumwita mtu arudi seti. Ingekuwa ni mwigizaji mwenye nyama na mifupa, ingebidi kurekodi upya karibu yote.

Kwa mtu wa kijiweni anayetaka kujua habari aliyoipokea ina uzito gani, aanze na chanzo. "Yupo kwenye mazungumzo" maana yake hajasaini, na mazungumzo mengi hufia njiani. Picha isiyoonekana kwenye ukurasa rasmi wa kampuni au wa mwongozaji iwekwe pembeni, hasa sasa ambapo kompyuta inachora bango la uongo kwa dakika moja. Tazama vidole, maandishi ya nyuma na nembo ya kifuani, hapo ndipo kazi ya bandia huharibika. Halafu aitafute trela yenyewe, asitegemee picha iliyokatwa kutoka humo. Trela ya dakika mbili na nusu kwa ubora wa 1080p hula takriban MB 50, lakini kwa 360p hushuka mpaka kama MB 10, na bando dogo linaimudu. Mabishano mengi yanaendeshwa na watu walioona sekunde moja iliyogandishwa, mwigizaji akiwa amefumba jicho nusu.

Na wakati mwingine hakuna atakayepata kujua nani alikuwa sahihi. Januari 2022 Leslie Grace alionekana kwenye picha ya vazi la Batgirl, watu wakabishana kuhusu rangi yake ya zambarau na buti zake za njano. Muvi ikarekodiwa mpaka mwisho, kwa takriban dola milioni 90. Agosti mwaka huo kampuni ikaifuta, isionyeshwe kwenye kumbi wala kwenye televisheni.

Hugh Jackman aliingia kwenye X-Men ya mwaka 2000 kucheza Wolverine akiwa na sentimita 188, wakati Wolverine wa vitabuni ana 160 tu, tena akavishwa ngozi nyeusi badala ya ile nguo ya njano ambayo mashabiki waliijua. Kimo walikisahau upesi. Njano hawakuisahau. Waliidai muvi baada ya muvi, mpaka Julai 2024, Jackman akiwa na miaka 55, akatokea ameivaa.