Damu ya maiti ni nini na dokta Yudin aliitumiaje

Damu ya maiti, kwenye historia ya tiba, ni damu iliyotolewa kwa mtu aliyekufa ghafla, ikapimwa, ikawekwa kwenye friji, halafu akaongezewa mgonjwa. Inashtua, najua, ila hapa ndo wazo la kutunza akiba ya damu hospitali lilipopata nguvu.

Sasa utauliza, damu ya maiti si inaganda? Inaganda ndio, lakini kwa aliyekufa ghafla, tuseme ajali au moyo kusimama, inaganda kwanza halafu baada ya masaa machache inayeyuka yenyewe, kwa sababu kuna vimeng'enya mwilini vinavyokata zile nyuzi za fibrini zinazoshikilia bonge la damu, na ikishayeyuka hairudi kuganda tena. Kwa hiyo hata sitreti, ile dawa inayowekwa kwenye damu ya watu hai isigande, haikuhitajika. Aliyeugua muda mrefu mpaka akafa, damu yake haifai.

Daktari wa upasuaji Vladimir Shamov wa Kharkov, Ukraine, alianza kwa kujaribu na mbwa, akatoa matokeo 1928. Sergei Yudin, daktari bingwa wa upasuaji pale Taasisi ya Sklifosovsky, hospitali ya dharura ya Moscow, akaipeleka kwa binadamu: tarehe 23 Machi 1930 aliletewa injinia kijana aliyejikata mishipa ya mikono, damu karibu yote imemwisha, na muda huohuo kulikuwa na maiti ya mzee wa miaka 60 aliyekufa kwa ajali, basi akachukua mililita 420 kwa yule mzee akamwekea kijana na kijana akapona!

Baada ya hapo akawa anaitunza kwenye baridi hadi wiki 3 au zaidi, na faida kubwa kwangu ni hii, unapata muda wa kupima kaswende na kundi la damu kabla hujamgusa mgonjwa. Daktari Bernard Fantus wa Chicago alisoma kazi hiyo, akafungua benki ya damu 1937 akitumia damu ya watu hai. Kule Odessa nako daktari wa macho Vladimir Filatov alikuwa anatunza konea za maiti (ule utando angavu wa mbele ya jicho) kwenye baridi, anawapandikizia vipofu.

Yudin alikamatwa 1948, akapelekwa uhamishoni Siberia, akaachiwa 1953 baada ya Stalin, mtawala wa Muungano wa Kisovieti, kufa, mwaka uliofuata naye akafariki. Kwa kweli inauma, maana Tuzo ya Lenin, tuzo kubwa ya Kisovieti, kwa kazi hii, yeye na Shamov, ilitolewa 1962.