Kufunika sindano iliyotumika si usalama

"Sista, nafunika ili nisimchome mtu wa usafi." Kauli hii naisikia kila ninapofundisha kinga ya maambukizi, tena kutoka kwa wauguzi waliokaa wodini miaka mingi. Naomba tuiache.

Kule kufunika ndiko kunakochoma. Mkono wa kushoto umeshika kifuniko kwa ncha za vidole, wa kulia unaleta sindano, na tundu la kulenga ni dogo mno. Mgonjwa akijigeuza ghafla, au ndugu yake akikuita, ncha imeshaingia kwenye kidole gumba. Hata ukilipata tundu, sindano ikienda upande inaweza kutoboa plastiki na kukufikia. Kinachomkinga mtu wa usafi ni sefti boksi, yaani boksi gumu la kutupia sindano zilizotumika, likitumiwa ipasavyo: sindano na bomba lake vinatumbukizwa pamoja bila kutenganishwa, na boksi linafungwa likijaa robo tatu, si mpaka sindano zichungulie mdomoni.

Nikiuliza kwa nini mtu amefunika, jibu ni lilelile: boksi liko chumba cha dawa. Basi lihamisheni! Sefti boksi likae kwenye toroli, liende nawe hadi kitandani kwa mgonjwa, kila mgonjwa. Hili nitalisema mpaka mnichoke. Ikibidi kabisa kufunika, laza kifuniko kwenye trei, ukichote kwa sindano kwa mkono mmoja. Mkono wa pili usikaribie.

"Nimevaa glovu." Glovu hupunguza damu inayoingia, haizuii ncha.

"Ukichomwa, kamua damu, kisha paka jiki." Hapana. Sabuni na maji yanayotiririka, basi. Kukamua kunaumiza nyama, jiki inaunguza ngozi.

"Mgonjwa kapimwa, hana VVU." Aliyeambukizwa karibuni kipimo kinaweza kisimwonyeshe. Na homa ya ini B je? Kwa asiyechanjwa, mchomo wenye damu ya mgonjwa wa homa hiyo una hatari ya kuambukiza ya asilimia 6 hadi 30. Kwa VVU ni takriban asilimia 0.3. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu. Wengi wanaishia ya pili, na inaniuma sana.

"Nitaripoti zamu ikiisha." Dawa kinga za VVU huanza mara moja, ikiwezekana ndani ya saa 2, saa 72 zikipita, umechelewa. Kisha unazimeza siku 28. Osha, mwambie msimamizi wa zamu papo hapo, mkabidhi mwenzako wagonjwa, uende.