Je, wajua kwa nini picha za saa za kale hazipauki?

Kanga ikianikwa juani kila siku hupauka. Picha ya studio iliyotundikwa sebuleni nayo hugeuka njano. Lakini zipo saa za mfukoni zilizotengenezwa Ulaya miaka ya 1600, makasha yake yamechorwa watu na maua, na mashavu ya watu hao yana wekundu mbichi hadi leo. Imekuwaje?

Ile si rangi ya kupaka. Ni kioo.

Kama nyumbani mna kikombe cha bati cha zamani, kile cheupe chenye ukingo wa buluu, basi enameli mnayo. Ni unga wa kioo ulioyeyushwa juu ya chuma ukashikamana nacho; kikombe kikianguka, hubanduka kipande na chuma cheusi kikachungulia. Mafundi wa saa walifanya vivyo hivyo, ila juu ya dhahabu au shaba.

Anayetajwa kuanzisha mtindo huu kwenye saa, karibu na mwaka 1630, ni Jean Toutin, sonara wa mji wa Châteaudun, Ufaransa. Alitandaza enameli nyeupe, akaichoma, kisha akachora juu yake kwa brashi kama anayechora kwenye karatasi. Sanaa ikashamiri mjini Blois, halafu Geneva, ambako Pierre Huaud na wanawe watatu walipata jina kwa makasha yao.

Rangi zenyewe ni madini. Kobalti hutoa buluu, shaba kijani, manganizi zambarau, chuma wekundu na kahawia. Na ule uwaridi wa mashavu? Dhahabu! Huyeyushwa kwa tindikali, ikachanganywa na maji yenye madini ya bati, ukapatikana unga wa zambarau ambao ndani ya kioo huwa waridi. Rangi ya kanga hupauka kwa sababu mwanga huvunjavunja molekuli zake. Madini yaliyofungwa ndani ya kioo hayavunjiki hivyo.

Unga huo hukorogwa na mafuta, ukapakwa kwa brashi ya nywele chache mno, kisha kipande huingia tanurini kwenye joto la nyuzi 800 hivi. Hutolewa, huongezwa rangi, hurudishwa. Zinazohitaji moto mkali hutangulia, zisizostahimili huja mwisho. Na mchoraji hubahatisha kidogo, maana rangi mbichi si ile itakayotoka motoni.

Kinachonifurahisha zaidi kiko upande wa nyuma. Kioo na metali havitanuki sawa, kwa hiyo enameli ikiwekwa upande mmoja tu, bamba la kasha hujikunja na picha hupasuka. Dawa yake ni kupaka pande zote mbili ili zivutane sawasawa. Ndiyo maana ndani ya makasha mengi ya wakati ule unakuta mandhari ya miti na majumba: fundi alilazimika kupaka, akaona heri achore.

Jua haliziwezi picha hizi. Sakafu inaziweza. Na iliyopasuka ni vigumu kuirudisha motoni bila kuiharibu yote, hivyo mafundi wengi wa kukarabati huziba pengo kwa gundi iliyotiwa rangi. Miaka ikipita, kiraka hicho ndicho hugeuka njano.