Chaki Ikivunjika: Ufalme wa Edo Ndani ya Maneno

Mwishoni mwa Aprili 2016, katika jiji la Benin City kusini mwa Nigeria, Iyase alivunja chaki nyeupe mbele ya watu. Iyase ndiye mkuu wa machifu wa mji. Kila Mwedo, yaani mwenyeji wa ufalme wa Benin, aliyeona akaelewa: Oba (mfalme) Erediauwa, aliyekalia kiti tangu 1979, ametutoka. Kwa adabu ya Kiedo, Oba hasemwi kuwa amekufa. Chaki hiyo, orhue, ni alama ya usafi na heri, na ikivunjika, msiba umeshatangazwa.

Nimeanza na chaki makusudi. Ukitaja Benin, wengi hukimbilia sanamu za shaba zilizo Ulaya. Mimi ni mtu wa lugha, na naona ufalme huu umejificha zaidi mdomoni kuliko makumbusho. (Na tafadhali, si nchi ya Benin. Ile ilikuwa Dahomey hadi 1975, ikajichukulia jina la jirani. Kila mwaka darasani huanza kwa kufuta kosa hilo.)

Chukua salamu. Sisi shikamoo yetu ni moja, humtosha kila mkubwa. Waedo wana salamu ya asubuhi ya kila ukoo. Ukisikia mtoto anamwamkia babaye “Lamogun”, umeshajua kwamba nyumba hiyo inajihesabu katika damu ya Oba. Nasaba nzima inatamkwa kabla ya chai.

Kiedo na Kiswahili ni ndugu wa mbali, wote wa familia ya Niger-Kongo. Nne kwao ni ene. Gh yao ni ile ya ghali, ila vb itakutoa jasho, na toni ukikosea umesema neno jingine. Huhesabu kwa ishirini-ishirini: ugie ni 20, iyeva ni 40, yaani ishirini mbili, na iyene ni 80.

Historia yao ina nasaba mbili za wafalme. Kwanza walitawala Ogiso. Nasaba hiyo ilipofikia ukingoni, yasimuliwa, akaja Oranmiyan kutoka Ife, mji wa Wayoruba, akazaa na mwanamke wa huko, na mtoto huyo akawa Oba wa kwanza, Eweka. Hapo ugomvi unaanza. Wayoruba husema: basi kiti chenu kimetoka kwetu. Ikulu ya Benin hujibu kwamba Oduduwa wa Ife, baba wa Oranmiyan, ndiye Ekaladerhan, mwana wa Ogiso wa mwisho aliyefukuzwa nyumbani. Kwa hiyo aliyekuja alikuwa mjukuu anarudi kwao. Mimi husikiliza simulizi zote mbili kama hoja za kisiasa kuhusu nani mkubwa wa nani, na sidhani zitapatana.

Urithi wenyewe hauna utata mwingi siku hizi: kiti ni cha mwana wa kwanza wa kiume, naye akiwa mrithi huitwa Edaiken na makao yake ni Uselu. Lakini hakabidhiwi hivi hivi. Lazima kwanza amzike baba yake kwa taratibu zote. Sheria hiyo haikuishia ikuluni. Katika familia ya kawaida pia, kifungua mimba wa kiume hurithi igiogbe, nyumba aliyoishi na kufia baba, baada ya kukamilisha mazishi, na mahakama za Nigeria zimeitambua mila hiyo mara nyingi. Ndiyo maana nasema ufalme si jengo. Kila boma lina kiti chake kidogo.

Mwaka 1897 Waingereza walidhani wameumaliza. Februari waliuteka mji, wakabeba maelfu ya vitu vya shaba na pembe za ndovu, wakampeleka Oba Ovonramwen uhamishoni Calabar. Msomaji wa Unguja atamfahamu kamanda wao: Admirali Harry Rawson, yule yule ambaye miezi sita nyuma, Agosti 1896, manowari zake zilipiga mizinga jumba la Sultani na kumng'oa Sayyid Khalid bin Barghash katika vita vya chini ya saa moja.

Ovonramwen alifia Calabar mwaka 1914. Mwaka huo huo mwanawe akatawazwa, akajiita Eweka II. Angeweza kuchagua jina lolote, akachukua la Oba wa kwanza kabisa.

Baada ya chaki ile ya 2016, Edaiken alimzika baba yake, na tarehe 20 Oktoba akatawazwa. Naye akachagua jina: Ewuare II. Ewuare wa kwanza ni wa karne ya 15. Mji uliungua alipotwaa kiti, akaujenga upya, na simulizi husema ndiye aliyeuita Edo, kwa jina la mtumwa aliyemwokoa. Wajuzi wa Kiedo hulifasiri jina Ewuare hivi: taabu imekoma. Umati barabarani ulikuwa ukiitikia, “Oba ghato kpere! Ise!” Oba aishi maisha marefu, na iwe hivyo.