Alumini haishiki kutu, sawa, sasa mbona rangi inavimba?

Kila mwenye Land Rover hapa Malindi ana hii sentensi mdomoni, "yangu ni alumini bwana, haishiki kutu", na mimi nlikuwa naisema kuliko wote mpaka siku nlipopitisha ukucha chini ya mlango wa dereva, pale bati linapokunjwa kwenda ndani, rangi ikaachia kama ganda la kitunguu na ndani kumejaa unga mweupe kama chokaa ya tambuu. Gari imepigwa spray hata mwaka haujaisha. Nikapanda moto nikaenda kumtafuta fundi. Sehemu ya lawama ilikuwa yake kweli, ntaieleza, lakini nyingi ilikuwa yangu mimi na maneno ya kijiweni ambayo nimeyameza miaka.

Tuanze na hilo la kutu. Ni kweli haishiki, kutu ni ya chuma. Alumini ikiguswa na hewa inajivika ngozi nyembamba sana, huioni kwa macho, na ukiikwaruza inajivika tena hapohapo. Ndo maana sufuria ya bibi bado iko. Lakini hebu chukua hiyohiyo sufuria uiachie maji ya chumvi siku mbili tatu, kisha uisugue uiangalie juani, utaona vidoti vidogo vimechimbika. Chumvi inatoboa ile ngozi, na maji yakishaingia chini ya rangi ambapo hewa haipiti vizuri, ngozi haijirudishi inavyotakiwa, kwa hivyo alumini yenyewe inageuka unga, unga unachukua nafasi kubwa kuliko bati lilivyokuwa, rangi inanyanyuliwa. Saa zingine inatembea chini ya rangi kwa vijia vyembamba vilivyopinda, ukiona utadhani mchwa wamepita. Inaanzia kwa mkwaruzo mmoja ama kwa ukingo wa bati, karibu kila mara.

Haya, sasa ile kubwa, ambayo ningeijua mapema ningeokoa pesa: "imevimba, basi rangi ilikuwa feki."

Nenda kwa wavuvi. Mwenye mashine ya boti yoyote atakuonyesha kile kipande cha zinki kilichofungwa huko chini karibu na propela, kila baada ya muda kimeliwa kimebaki kama biskuti iliyoumwa na panya, anakitoa anafunga kingine. Kimewekwa kiliwe. Metali mbili zikigusana ndani ya maji ya chumvi, ile dhaifu inajitoa sadaka kwa ajili ya ile nyingine, na zinki ni dhaifu kuliko alumini ya mashine. Kila mvuvi anajua hivyo, hakuna anayebisha. Sasa huyohuyo mtu akipanda gari anasahau, manake mbele ya chuma cha kawaida alumini nayo ni dhaifu. Yaani kwenye gari yako alumini ndo imekuwa zinki.

Na Land Rover zile za zamani mpaka Defender, usidanganyike kwamba ni alumini yote. Walianza kutumia alumini mwaka 1948 kwa sababu Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma cha bati kilikuwa cha mgao, lakini chesisi ni chuma, ule ukuta wa mbele unaobeba dashibodi na sehemu ya miguu ni chuma, na fremu ya mlango ni chuma iliyovishwa shati la alumini, bati limekunjwa likabana ukingo wa fremu. Pale kwenye mkunjo maji yanakaa, chumvi inakaa, metali mbili zimekumbatiana. Utanunua rangi ya Ujerumani, ya Japani, ya mbinguni, itavimba palepale chini ya mlango, na kwenye bawaba, na kuzunguka kila bolti ya kioo cha pembeni. Ukitaka kujua ni nini angalia umbo: malengelenge yakiwa yamejipanga kwenye ukingo na kuzunguka bolti, hiyo ni ndoa ya alumini na chuma. Yakiwa yametapakaa katikati ya bati, peupe, hapo ndo umuulize fundi.

Mimi nlikuwa na yote mawili, alhamdulillahi.

Ya fundi ilikuwa hivi. Alisugua bodi na brashi ya waya ileile aliyotoka kusugulia kutu kwenye pickup ya mtu mwingine, nimesimama namtazama na nikamsifu anavyojituma. Kumbe vumbi la chuma linabaki limechomekwa kwenye alumini, kila punje ni kabetri kake kadogo. Brashi ya chuma na stili wuli kwa alumini ni haramu, tumia msasa mpya, na uwe wa alumini peke yake. Halafu akaacha gari wazi usiku, upepo wa bahari unapuliza, asubuhi akapiga andakoti ya kijivu ile ya kawaida juu kwa juu, ndo praima yake, ile rangi ya kwanza ya kushikia bati. Watu husema praima ni praima. Sio. Alumini ukishaimaliza msasa ile ngozi inarudi palepale, na bati tupu usiku mmoja hapa Malindi linakusanya chumvi na umande, kwa hivyo unasugua, unafuta na thina safi kwa kitambaa safi, unapiga praima ndani ya saa chache, siku hiyohiyo. Na iwe ile ya kung'ata metali, yenye asidi kidogo, ama epoksi ya kuchanganya mbili. Mimi sasa naenda na epoksi, kwa sababu moja, fila, ile pasti ya kujazia mabonde ya bati, ukiiweka juu ya praima ya asidi inaweza kukataa kukauka vizuri ikaja kubanduka, wakati epoksi unapiga kwanza halafu fila juu yake bila wasiwasi. Epoksi ni ghali kidogo, najua. Kupiga rangi mara mbili ni ghali zaidi.

Kuna wanaosema rangi inapasuka kwa sababu alumini inatanuka sana na jua letu. Hapa kuna ukweli ndani yake, inatanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, lakini rangi nzuri inanyumbulika nayo tu. Kinachopasuka ni fila. Mtu amegonga ubavu, badala ya kunyoosha bati amejaza fila unene wa chapati tatu, jua la saa nane linalivuta bati, fila haifuati, mstari unatokea. Na alumini ni shida kwa mnunuzi hapo, kwa sababu ile janja ya sumaku, kwamba isiposhika ujue pana fila, haifanyi kazi, sumaku haishiki alumini iwe na fila au haina. Gonga na kidole usikilize, bati tupu linalia, fila ni bubu.

Na wale wa mapickup mapya ya Marekani, nimesikia mtu akibishana stendi kwamba Ford waliweka alumini kwenye F-150 ndo maana rangi yake "laini". Ford walihamia bodi ya alumini na mtindo wa 2015, wakaipunguzia gari uzito wa karibu kilo 300, chesisi ikabaki chuma. Rangi lakini ni mfumo uleule wa kiwandani, bodi inazamishwa kwenye praima ya umeme, inaokwa ovenini, halafu rangi, halafu kliakoti, ile ya juu inayong'aa isiyo na rangi. Kokoto ikiruka inachubua sawa na gari ya bati. Tofauti ni kwamba ya chuma kidonda kinageuka kahawia wiki hiyohiyo unashtuka, cha alumini kinakaa cheupe kimya, unaona kama vumbi, unapuuza. Huo ukimya ndo mbaya. Kikalamu cha rangi kikae kwenye dashibodi, ukiona kidonda osha na maji matamu, kausha, paka.

"Mimi siendi beach, chumvi itatoka wapi?" Hii nacheka. Angalia kikopo cha chumvi jikoni kwako wakati wa kusi, si imegandana mpaka mtu anatia punje za mchele ndani? Chumvi ya kawaida hewa ikifika unyevu wa kama asilimia 75 inaanza kunywa maji yenyewe, na hapa kwetu usiku huo unyevu tunaupita tukiwa tumelala. Sasa ile ukungu ya chumvi inayopulizwa kutoka baharini imelala juu ya boneti yako, mchana ni vumbi, usiku ni maji ya chumvi, bila wewe kusogea hata hatua moja kwenda ufukweni. Mwenye kubeba samaki kutoka Ngomeni kama mimi ndo usiseme, barafu inayeyuka, maji yenye chumvi yanamwagika kwenye karai la nyuma, pale pa kubebea mzigo, na kuingia kila tundu la riveti, na kabla hujatulia unapita Gongoni kwenye malori ya chumvi yenyewe. Nlikuwa naosha nje tu gari ing'ae Ijumaa. Sasa naanza kwa kupiga bomba chini na ndani ya karai, na yale matundu madogo ya kutolea maji chini ya mlango nayazibua na kijiti cha mbavu ya mnazi, dakika mbili tu, lakini nliyakuta yameziba na udongo mwekundu umeganda kama matofali, mlango umekuwa mtungi.

Maji gani? Ndo hapo tena. Vijana wengi wa kuosha gari wanatumia maji ya kisima, na visima vingi karibu na bahari ni vya chumvichumvi, hata chai huwezi kupikia. Unaosha chumvi na chumvi. Ukiyakosa ya bomba, osha na hayo lakini suuza mwisho na ndoo mbili za maji matamu, kisha ukaushe, usiache jua likaushe. Na sabuni, jamani, sabuni. Ile ya unga ya kufulia inatoa mafuta vizuri lakini inaondoka na nta yote. Vijana wengine wanachanganya na magadi ama kostiki soda ili uchafu wa injini utoke haraka. Mama akipika maharage na magadi kwenye sufuria ya alumini si inabaki nyeusi ndani? Ndo hivyohivyo, alumini haipendi magadi, na kostiki soda ndo kabisa inaila huku inatoa mapovu. Kwenye rangi nzima huenda isifike, kwenye kidonda itafika. Shampuu ya gari kidogo tu ndani ya ndoo inatosha.

Nta si ya wazungu. Jua la hapa linaichoma kliakoti mpaka inakuwa na ukungu mweupe kama jicho la mzee, na nta inaahirisha hilo pamoja na kufanya mavi ya kunguru yatoke kirahisi. Mavi ya kunguru yakikaa juani siku mbili yanaacha ramani. Kivuli cha mwembe nacho kina bei yake, utomvu wa embe unaunguza rangi. Turubai la plastiki la kufunikia gari usiku sikushauri, linafungia unyevu ndani na upepo unalipigapiga kama tanga, asubuhi una mikwaruzo.

Bolti za stenlesi. Kila mtu anakwambia badilisha zote uweke stenlesi, shida imekwisha. Bolti yenyewe haitashika kutu ndiyo, lakini stenlesi ni imara zaidi, kwa hivyo alumini ndo inazidi kuwa zinki. Afueni ni kwamba bolti ni ndogo na bati ni kubwa, madhara yanagawanyika, ila palepale chini ya kichwa cha bolti pataliwa. Weka washa ya plastiki na grisi chini yake, au mkanda wa plastiki kwenye bawaba. Riveti weka za alumini, si za chuma. Shaba usiikaribishe kabisa, waya wa athi, ule wa umeme unaofungwa kwenye bodi, ukifungwa moja kwa moja kwenye bati la alumini rudi baada ya msimu mmoja uone shimo.

La mwisho aliniambia muuza samaki mwenzangu, na sikuweza kumbishia: "kama rangi inakusumbua si uitoe?" Lori lake lina boksi la alumini tupu, halijawahi kuona rangi, limefifia kijivu kama ngozi ya papa lakini liko zima, manake hakuna rangi ya kuficha maji chini yake. Lina vidoti, ndiyo, hasa kwenye kona zinazokaa maji ya samaki, na kwenye riveti za chuma mtu alizowahi kubandika pameshatoboka. Nikarudi nyumbani nikafikiria. Milango nimepiga epoksi na rangi upya, na ule mkunjo wa chini nimemimina nta ya majimaji ndani mpaka ikadondoka. Karai la nyuma nimelikwangua rangi yote, nimeacha alumini tupu, na sasa kila nikirudi Ngomeni namwaga ndoo tatu humo ndani hata kabla sijazima injini.